Mlo wa mimea tupu: utafiti wa Embu ulituambia nini?

Mwaka 2005 mtafiti wa lishe wa Marekani, Lindsay Allen, alizua mjadala mkali aliposema kwenye mkutano wa wanasayansi jijini Washington kwamba kumlea mtoto bila nyama, maziwa wala mayai ni kinyume cha maadili. Vegani, yaani watu wasiokula chochote kinachotoka kwa mnyama, walimjia juu. Ushahidi alioutegemea ulitoka Embu, Kenya, na kwa maoni yangu pande zote mbili huusoma nusu nusu.

Kuanzia 1998, shule 12 za huko zilipangwa katika makundi manne. Watoto wa darasa la kwanza katika kundi moja walipewa githeri (makande, kwa Watanzania) yenye nyama, kundi la pili githeri na maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula. Waliokula nyama waliwapita wenzao wote katika jaribio la kufikiri kwa michoro, misuli ya mikono yao ilijaa zaidi, na uwanjani ndio walioongoza michezo.

Wengi huishia hapo. Lakini kwenye hesabu, watoto wa githeri na mafuta nao waliwashinda wale ambao hawakupewa kitu. Na kundi la maziwa, ambayo nayo yanatoka kwa mnyama, halikuwafikia wa nyama katika lile jaribio la michoro. Tena watoto hao hawakuwa wamechagua kuacha nyama. Walikula mahindi na maharage kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo, na havikutosha. Kuwatumia kumhukumu mtu wa Nairobi au London mwenye uwezo wa kununua korosho, tofu na vidonge vya vitamini si haki.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo utetezi huo hauligusi. Damu za watoto wengi wa Embu zilikuwa na upungufu wa vitamini B12, na nyama na maziwa ndivyo vilivyoipandisha. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, na hakuna mmea wa kutegemea kuipata. Spirulina husifiwa kuwa nayo, lakini sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili hauwezi kuitumia. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana aliyeacha nyama mwaka jana hujiona mzima kabisa. Halafu uchovu unaanza, ganzi miguuni, usahaulifu. Neva zikidhurika kwa muda mrefu, huenda zisipone. Vegan Society ya Uingereza, iliyoanzishwa 1944, yenyewe inawataka vegani wasiopata B12 kwenye vyakula vilivyoongezwa virutubishi wameze mikrogramu 10 kila siku au 2,000 kwa wiki. Wanaoeneza kwamba mboga za shambani zinatosha wanawadanganya watu.

Protini, ambayo watu huiulizia kwanza, hainipi wasiwasi. Mahindi yana uhaba wa laisini, moja ya viungo vinavyojenga protini, maharage yanayo kwa wingi. Bibi zetu walishavichanganya.

Madini ya chuma ndiyo yanayotaka akili jikoni. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama, nasi tunazidisha shida hiyo: asubuhi chapati na maharage, pembeni kikombe cha chai ya rangi. Tanini za chai zinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Chai ikinywewa saa moja au zaidi baadaye, na maharage yakakamuliwa ndimu, mlo ule ule unaupa mwili chuma zaidi. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, au kuchachusha uji, hupunguza faiteti zinazozuia chuma na zinki. Kwa kalsiamu, sukuma wiki inafaa kuliko mchicha, ambao oksalati zake huizuia.

Kuhusu afya ya watu wazima, utafiti wa miaka mingi wa Oxford hauupi upande wowote ushindi kamili. Wasiokula nyama walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha chini, ilhali vegani walivunjika nyonga zaidi ya mara mbili ya walaji nyama. Mtu mzima anayemeza B12 na kuangalia kalsiamu na protini anaweza kuishi vizuri bila nyama.

Kwa mama na mtoto nasita. Mama mwenye upungufu wa B12 hutoa maziwa yenye upungufu huo huo, na dalili zinaweza kumpata mtoto ndani ya miezi michache. Vidonge vya foliki vinaweza kurekebisha damu ya mama na kuuficha upungufu huo huku neva zikiendelea kuumia. Kenya na Tanzania zina sheria ya kuongeza virutubishi, B12 ikiwamo, kwenye unga wa viwandani, lakini unga wa mashine ya kijijini mara nyingi hauongezwi kitu. Mahali ambapo vidonge vya B12 havipatikani kila mwezi, siwezi kumshauri mama aliondoe yai kwenye sahani ya mwanawe.