Kigeuze Kwanza, Bei Baadaye

Nikifika mji wa ugenini nikasikia kuna gulio la wazi la vitu vya kale, makumbusho yatanisubiri. Ninaosafiri nao hulalamika, na ninawaelewa. Nani aache majumba yenye kiyoyozi akainame juani kuchambua vikorokoro? Lakini makumbusho huweka kila kitu nyuma ya kioo, na mlinzi anakukodolea macho ukisogea. Gulioni unaruhusiwa kushika. Unainua birika, unalipindua, unasoma kilichogongwa kwenye kitako chake, unapitisha kidole pale lilipoungwa. Na kwa maoni yangu ukweli wa kitu cha kale uko chini na nyuma. Juu palitengenezwa papendeze. Chini hakuna aliyehangaika kupadanganya, au akihangaika, mara nyingi hufanya kazi mbovu.

Wengi huenda kwa sababu nyingine: wanakwenda kutafuta bahati. Kila mpenda magulio ana hadithi ya mtu aliyeokota utajiri, na maarufu kuliko zote ni ile ya mwaka 1989 huko Adamstown, Pennsylvania. Mtu alinunua mchoro kwa dola 4 kwa sababu alipenda fremu yake. Alipoifungua, nyuma ya mchoro palikuwa na karatasi iliyokunjwa, nayo ikabainika kuwa nakala ya chapa ya kwanza ya Tamko la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Mwaka 1991 iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni 2.4.

Wasimuliaji huishia hapo. Mimi huongeza ya pili, ambayo haipendwi sana. Mwaka 2012 mchoro mdogo wa Renoir, mchoraji maarufu wa Ufaransa, ulitangazwa kuwa utapigwa mnada, na maelezo yalikuwa kwamba ulinunuliwa gulioni kwa dola 7, ndani ya boksi la takataka nyingine. Kabla nyundo ya mnadi haijagonga, ikajulikana kuwa mchoro huo uliibwa Baltimore Museum of Art mwaka 1951. Januari 2014 jaji akaamuru urudishwe makumbusho. Ndiyo maana sina hamu na habari za bahati. Mtu anayewaza mamilioni haangalii vitu vilivyo mbele yake, na wauzaji humjua kabla hajafungua mdomo.

Gulio ninalolipenda kuliko yote ni la Place du Jeu de Balle, katika mtaa wa Marolles jijini Brussels. Lipo kwenye uwanja huo tangu mwaka 1873, na ni la kila siku, asubuhi hadi mchana. Paris wana Saint-Ouen, ambalo ni maarufu zaidi na kubwa kupindukia, lakini sehemu kubwa ya Saint-Ouen siku hizi ni maduka: vitu vimesafishwa, vimewekewa taa, na kodi ya pango iko ndani ya bei. Pale Brussels mizigo mingi hutoka moja kwa moja kwenye nyumba zinazoondolewa vitu. Mzee amefariki, au amehamishiwa kwenye nyumba ya kulelea wazee, watoto hawana nafasi, anaitwa mtu mwenye gari. Asubuhi maisha yote ya yule mzee yanashushwa katika maboksi ya ndizi na kutandazwa juu ya mawe ya uwanja.

Ukiinama unayaona vizuri. Rundo la vijiko limefungwa kwa mpira. Miwani imo ndani ya kibweta chenye anwani ya duka lililoitengeneza. Kuna funguo nyingi zisizo na kufuli, daftari la matumizi ya nyumbani lililoandikwa kwa mwandiko mzuri hadi ukurasa fulani, kisha kurasa tupu. Niliwahi kuona sweta iliyofumwa mpaka kwapani, sindano zikiwa bado zimechomekwa kwenye uzi. Muuzaji alikuwa anaiuza kama sindano mbili pamoja na uzi. Sikuinunua, lakini hakuna makumbusho yatakayonionyesha kitu kama kile.

Tuje kwenye kugeuza. Chukua kijiko. Muuzaji anasema ni cha fedha, na kweli nyuma ya mpini kuna alama ndogo ndogo. Kijiko cha fedha cha England huwa na simba anayetembea, ambaye ni uthibitisho wa fedha ya kiwango cha 925 kwa elfu, na mara nyingi alama ya mji kilikopimwa: nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London. Lakini ukikuta herufi EPNS, hata kama zimewekwa ndani ya visanduku vya kuvutia kama alama za kweli, hicho ni kijiko cha aloi ya shaba na nikeli kilichopakwa fedha juu kwa umeme. Si kibaya. Kinafaa kulia chakula. Kisilipiwe tu kama fedha.

Vyombo vya udongo navyo husema. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka, na ikaanza kutumika 1891. Kwa hiyo vyombo vya Japani vilivyopelekwa huko viliandikwa Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, hadi mwaka 1921, Wamarekani walipotaka jina la Kiingereza. Baada ya vita kuu ya pili vikaja vyenye maneno Occupied Japan, yaani Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni, na hivyo ni vya kabla ukaliaji huo haujaisha mwaka 1952. Sahani yenye W. Germany, yaani Ujerumani Magharibi, haiwezi kuwa ya bibi aliyeolewa mwaka 1920, maana nchi hiyo ilianza 1949. Angalizo dogo: chombo kisicho na jina la nchi si lazima kiwe cha kabla ya 1891, kwani vingi havikukusudiwa kwenda Marekani.

Kwenye samani, vuta droo uangalie nyuma yake. Skrubu ya nyota ilianza kuenea viwandani miaka ya 1930. Ukiiona kwenye kabati linalodaiwa kuwa la enzi ya Napoleon, ama limefanyiwa matengenezo ama limezaliwa juzi. Na usiogope kuuliza. Muuzaji mkweli atakwambia palirekebishwa lini. Mwongo ataanza kukusimulia habari za marehemu shangazi yake.

Mwaka ulioandikwa kwenye kitu nao usikutishe. Sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria imejaa kwenye magulio ya dunia nzima, na karibu yote imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Yemeni hadi pwani ya Afrika Mashariki waliiamini sarafu hiyo kiasi kwamba viwanda vya sarafu viliendelea kuipiga kwa tarehe ileile, Vienna na baadaye hata miji mingine kama Rome, London na Bombay. Kwa hiyo 1780 yako inaweza kuwa ya karne iliyopita. Fedha yake ni ya kweli, historia yake ni tamu kuliko ya sarafu nyingi, na bado hairuhusu mtu kukutoza bei ya kitu cha miaka zaidi ya mia mbili.

Kuna meza moja inayonichelewesha kuliko zote, ya picha za posta. Brussels hiyo ni meza ya Kongo. Ubelgiji iliichukua Kongo kuwa koloni mwaka 1908 kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, na ilipopata uhuru mwaka 1960 watu walirudi na masanduku. Yaliyomo sasa yanatoka kwenye madarini: medali, mikuki ya kutundika ukutani, vinyago vilivyochongwa kwa ajili ya wageni, na picha. Juu ya picha kuna mtu amesimama wima, amevaa alichoambiwa avae, na chini yake pameandikwa kabila lake badala ya jina. Ukiigeuza, aliyeituma anaandika habari za joto, za afya yake, za meli itakayofika na barua, bila neno hata moja juu ya mtu aliye kwenye picha upande wa pili.

Marafiki zangu wawili wana maoni tofauti kuhusu picha hizo. Mmoja anasema kuzinunua ni kuendeleza biashara ileile. Mwingine anasema zikiachwa zitaishia kwa mtu anayezipenda kwa sababu mbaya. Mimi nipo upande wa huyu wa pili, ila kwa sharti: nanunua iliyoandikwa nyuma, yenye mhuri wa posta unaosomeka, kwa sababu hiyo inaweza kumsaidia mtafiti au familia kujua ni wapi na lini. Zile za wanawake waliovuliwa nguo mbele ya kamera nazirudisha kwenye boksi. Kuna mchuuzi aliniambia hizo ndizo zinazouzika upesi. Sikumjibu.

Lisbon kuna Feira da Ladra, Jumanne na Jumamosi, pale Campo de Santa Clara. Huko kinachotafutwa na wageni ni vigae vya rangi vya kuta za Ureno, kimoja kimoja, vyepesi kubeba. Hapa kugeuza si suala la pesa tena. Ukikuta nyuma ya kigae kuna chokaa kikavu kilichong'ang'ania na ukingo umemegeka kwa patasi, kigae hicho kilikuwa ukutani, na swali ni nani alikibandua. Wizi wa vigae ulifikia hatua ya polisi wa Ureno, kupitia makumbusho yao, kuanzisha mradi wa SOS Azulejo mwaka 2007 ili kuukabili. Wapo wauzaji wenye mabaki halali ya nyumba zilizovunjwa, lakini kwa macho ya msafiri aliyekuja kwa siku chache hakuna namna ya kuwatofautisha. Kigae kipya cha karakana hugharimu kiasi, kinapendeza vilevile, na hakuna ukuta uliobaki na pengo.

Zamani sheria yenyewe ilimlinda mnunuzi asiyeuliza. England ilikuwa na utaratibu wa kale kwamba kitu kilichonunuliwa kwa nia njema katika masoko fulani ya wazi, kati ya macheo na machweo, kilikuwa mali halali ya mnunuzi hata kama kiliibwa. Bermondsey jijini London lilikuwa miongoni mwa masoko hayo. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1995, na sioni wa kuulilia.

Pembe za ndovu sinunui, iwe bangili, kifungo wala mpini wa kisu, na sijali cheti. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Uingereza imebana hata biashara ya ndani kwa sheria ya 2018 iliyoanza kazi Juni 2022. Kasa ng'amba naye yumo kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, kwa hiyo vitana na vibweta vya magamba yake viache mezani. Ukitaka tu kujua unachokitazama, pembe halisi ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Mfupa una vitobo vidogo vyeusi. Plastiki ina mistari iliyonyooka mno isiyo na kasoro. Anayekushawishi ujaribu kwa sindano ya moto mkatalie, utaharibu mali ya watu.

Kuhusu kupatana bei nina machache. Salimia kwanza, kwa lugha yao hata kama unaijua salamu peke yake. Usiulize bei ya kitu usichokitaka. Beba fedha taslimu za noti ndogo, maana kumbembeleza mtu apunguze kisha ukamtolea noti kubwa ni dharau. Chukua vitatu kutoka meza moja ndipo uombe punguzo. Anapunguza bila kuhisi ameshindwa. Alfajiri utapata kilicho bora ukiwa na tochi, saa za kufunga utapata kilicho rahisi kwa sababu mwenye mali hataki kukipakia tena. Lakini kuna wasafiri wanaomkamua muuzaji mzee mpaka senti ya mwisho kisha wanakwenda kunywa kahawa ya bei ya meza yake nzima, na hao sipendi kuongozana nao.

Kabla hujalipia chochote kikubwa, fikiria uwanja wa ndege. Misri ilifuta kabisa biashara ya mambo ya kale kwa sheria namba 117 ya mwaka 1983, na Uturuki nayo haina mchezo na anayetoka na kipande cha jiwe la kuchongwa. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unataka kibali kwa mali za kiakiolojia zenye zaidi ya miaka 250 zinazoingizwa kutoka nje ya Umoja. Visu na mikasi ya kale viende kwenye begi la kukabidhi, vya vioo vifungwe ndani ya nguo chafu. Na omba karatasi yenye tarehe, maelezo ya kitu na jina la aliyekuuzia, hata iwe imeandikwa kwa mkono juu ya kipande cha boksi. Asiyetaka kuandika hata hicho, mrudishie kitu chake uende meza ya pili.