Paa la mabati bila gata

Kila mkaaji wa Kisumu anaijua mvua ya Machi hadi Mei. Mchana jua kali, upepo wa ziwa unavuma kuelekea bara, unagongana na ule unaoteremka kutoka milima ya Nandi, na kufikia saa kumi wingu jeusi limeshatanda upande wa tambarare za Kano. Basi kwa nini nyumba za kupangisha huku mtaani Nyalenda zinajengwa kana kwamba hapa hapanyeshi?

Ploti nzima ina mabati, lakini hakuna hata kipande cha gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa! Maji yote ya paa yanamwagika mbele ya milango, yanachimba udongo, kisha yanapenya chini ya mlango na kuingia ndani. Watoto wanapandishwa kitandani pamoja na vitabu vyao, mama anaziba kizingiti kwa gunia huku akizoa maji kwa sufuria, jiko limeinuliwa juu ya kiti. Stima nayo imeshapotea tangu radi ya kwanza.

Linaloniuma zaidi ni hili: asubuhi watu walewale wanapanga foleni kununua maji kwa mitungi. Yale ya mvua yamepita mlangoni usiku kucha yakielekea kwenye vyoo vya shimo. Gata na tangi moja vingemaliza shida zote mbili. Mwenye nyumba anachukua kodi kila mwezi bila kukosa, lakini ukimtajia gata anakwambia uvumilie, mvua itaisha. Itaisha, ndiyo, na Oktoba itaanza nyingine.