Waranti ya miaka 2, risiti ya miezi michache

Shangazi yangu wa Tandika alinunua friji Kariakoo, akapewa waranti ya miaka 2. Risiti akaitia kwenye kava laini la plastiki, akaifungia kabatini pamoja na vyeti vyake. Friji ilipozima kabla ya muda, akairudisha ile risiti dukani. Kijana wa kaunta akaigeuza huku na huku. "Mama, hii haina kitu." Ilikuwa nyeupe, imebaki kivuli cha nembo tu. Wakamwambia bila risiti hakuna waranti.

Hilo limeniudhi mno. Shangazi hakupoteza kitu. Duka ndilo lililompa karatasi ya namna ile.

Mashine hizi za kuchapa risiti hazitumii wino. Karatasi yenyewe imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali ya kuiamsha. Kichwa cha mashine kina safu ya vipasha joto vidogo sana, mara nyingi 8 kwa kila milimita. Kipasha joto kimoja kikipata moto, rangi na kemikali hiyo vinayeyuka na kukutana, nukta nyeusi inatokea. Ikwaruze risiti kwa kucha, kwa nguvu na haraka, uone mstari mweusi: msuguano nao ni joto. Lakini muungano huo ni dhaifu. Jua linaufuta, mafuta ya mikono yanaufuta, spiriti ya kutakasia mikono nayo huharibu maandishi. Na vilainishi vilivyomo kwenye kava laini la plastiki huhamia kwenye karatasi, maandishi yakapotea. Kumbe pale alipodhani anaitunza ndipo ilipokuwa inafutika.

Nakubali, kwa tiketi ya basi, kikaratasi cha wakala au tokeni ya umeme wa LUKU, hakuna kinachofaa zaidi ya karatasi hii: ni haraka, ni nafuu, hakuna wino wa kuisha. Vinatumika siku hiyohiyo. Karatasi ya kipimo cha moyo hospitalini, ambayo nayo mara nyingi ni ya aina hii, hapana. Hiyo itolewe kopi kabla haijaingia kwenye faili.

Ila risiti ya mali ni ushahidi. Tunaambiwa kila siku: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sawa, tunadai. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake miaka 5. Fundi mwenye kibanda Buguruni atazitunzaje, ikiwa risiti za vipuri alivyonunua mwaka juzi zimeshakuwa karatasi tupu? Ataambiwa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, inahakikiwa mtandaoni kwa namba yake. Namba hiyo imechapwa wapi? Hapohapo, nayo imefutika.

Karatasi zenye tabaka la kinga, zinazodumu miaka, zipo. Roli zake ni ghali kidogo, ndiyo maana hatuzioni. Kwa anayeuza friji, televisheni au jenereta, tofauti hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kumpelekea mteja mzigo. Mamlaka ya Mapato, TRA, mliotulazimisha kudai risiti, wekeni na kiwango cha karatasi yake.

Kwa sasa, ukinunua kitu chenye waranti, usitoke dukani kabla hawajaandika kwa kalamu tarehe, bei na namba ya kifaa kwenye kadi ya waranti na kugonga muhuri. Risiti ipige picha hapohapo kaunta, namba ya uhakiki isomeke. Na duka likikukatalia kwa sababu imefutika, waambie wafungue kumbukumbu zao: mauzo yako wanayo.