Pepo Hupungwa, Hapigwi Upanga

Wiki iliyopita mpwa wangu wa miaka 16 aliniletea riwaya aliyoipenda mno. "Mjomba, lazima uisome hii, imejaa majini ya kwetu." Nikaimaliza kwa usiku mmoja na nusu. Imeandikwa kwa Kiingereza, imechapwa nje, na nathari yake ni nzuri. Jina lake nitaliacha, maana kosa lililomo nimelikuta katika vitabu vingi mno vya namna hiyo. Karibu na mwisho, pepo aliyekuwa akimtesa mama wa msichana shujaa anatokea uwanjani, mkubwa kama mbuyu. Msichana anachomoa upanga uliosomewa dua, anamchoma kifuani, pepo anamwagika majivu, kijiji kinashangilia.

Nilifunga kitabu nikakaa. Nilikuwa na uchungu wa mtu aliyeona jamaa yake akiuawa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kiti, yaani mtu ambaye pepo humpanda na kusema kwa mdomo wake. Alikuwa akikaa Kikwajuni, mjini Unguja, na pepo aliyekuwa kichwani kwake alikuwa ruhani. Siku ya kwanza kumsikia nilikuwa na miaka minane au tisa. Bibi alikuwa ameugua miezi, hali wala halali, na hospitali walimpima kila kitu wasione kitu. Akaletwa fundi wa pepo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Chumba kilifukizwa udi mpaka macho yakawasha, marashi yakanyunyizwa hadi kwenye kuta, bibi akafunikwa shuka jeupe, na wanawake wakawa wanasoma kwa sauti ya pamoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Halafu sauti ikatoka ndani ya lile shuka, nzito, ya kiume, ikatoa salamu. Watu wote wakaitikia.

Kilichobaki moyoni mwangu ni jinsi fundi alivyomsemesha. Hakupaza sauti wala hakumfukuza. Alimuuliza kama unavyomuuliza mgeni aliyebisha hodi usiku: jina lako nani, umetoka wapi, umekuja kutaka nini? Na yule mgeni akajibu. Akasema yuko na mama huyu tangu ujana wake, amemlinda katika uzazi wake wote, na katika nyumba hii hajapewa hata kanzu moja. Mama yangu akaanza kulia. Akaomba radhi kwa niaba ya watoto wote, akaahidi kanzu nyeupe, chano cha vyakula vya pepo, udi na marashi kila Ijumaa. Yule mgeni akataka na kilemba. Wakajadiliana. Ilichukua karibu usiku mzima, na alfajiri bibi akaomba uji.

Waandishi wenzangu, hadithi iko pale, kwenye yale maswali matatu. Mtu anaumwa. Ndani yake kuna mwengine ambaye hajajitaja, na lazima apatikane wa kumfanya aseme. Akisema, anaanika deni ambalo watu wa nyumba walilisahau au walilificha. Deni linajadiliwa, linaahidiwa, pengine linalipwa nusu. Na kila mtu mle chumbani anajua kuwa ahadi isipotimizwa maradhi yatarudi, au yatahamia kwa mtoto. Mwandishi anataka taharuki gani zaidi ya hiyo? Pepo akishaumizwa kwa upanga hakuna tena cha kumuuliza. Riwaya inafunga mlango wakati ndiyo kwanza mgeni amevuka kizingiti.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka hadithi fupi kwa mhariri mmoja. Ilikuwa na usiku kama ule wa Kikwajuni. Akanijibu kwa adabu kuwa mandhari inavutia lakini mwisho umelala, nifikirie pambano. Nilijaribu. Niliandika pambano, nikalisoma, nikalifuta. Hadithi ile ipo mpaka leo kwenye kompyuta yangu na mwisho wake ule ule wa watu kujadiliana juu ya kilemba.

Na huyu mgeni si kivuli kisicho na kwao. Aliyekulia Unguja anajua kuwa pepo wana makabila, wana dini, wana lugha, wana vyakula vyao. Ruhani ni Waislamu, Waarabu, wanataka usafi na harufu nzuri. Rubamba ni wa Pemba. Habeshia ni Wahabeshi, wa Ethiopia. Kibuki ni wa Bukini, yaani Madagaska, Wakristo, na wanakunywa brandi. Fikiri mwanamke ambaye hajawahi kugusa pombe maisha yake, anayesali vipindi vyote vitano, halafu kibuki wake anapanda na anadai chupa mbele ya majirani wale wale anaokwenda nao kwenye hitima. Kesho yake anaamka na hakumbuki, na majirani hawamlaumu, maana aliyekunywa anajulikana. Mhusika mmoja huyo anatosha riwaya nzima. Umetengeneziwa bure na bahari ya Hindi, na bado watu wanakwenda kubuni majitu yenye macho mekundu.

Hebu niseme jambo linaloniuma zaidi. Tunajua majina ya masultani. Tunajua Seyyid Said bin Sultan alikufa 1856, tunajua akina nani walimfuata. Wale masuria wa Kihabeshi waliojaa katika majumba ya wakubwa, walioletwa wasichana wadogo wakazeeka hapa, wengi wao hata jina hatuna. Wengi wao hawakuandika, wala hawakuandikwa. Lakini katika ngoma za Unguja pepo wa Kihabeshi bado anapanda, anataka vitu vya kwao, anataka atambuliwe alikotoka. Siwezi kusikia habari hiyo bila kusisimka mwili. Hapo kuna kumbukumbu ambayo maktaba haina, imekaa ndani ya miili ya wanawake. Mwandishi anayemgeuza pepo huyo kuwa dude la kuchinjwa anamnyamazisha mtu aliyenyamazishwa mara moja tayari.

Wala sisemi mambo mapya. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alieleza mambo ya pepo na uganga kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na Carl Velten akayachapisha katika Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Ukimsoma utaona ngoma, dawa, na mazungumzo na pepo. Kitabu hicho kingekuwa mezani kwa kila anayetaka kuandika fantasia ya pwani.

Na mfano mkubwa kuliko wote tunao katika tamthilia. Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, mwaka 1969. Hongo, pepo wa mtoni, anamchukua Kinjeketile ndani ya maji, naye Kinjeketile anatoka na habari ya maji na ya umoja, na watu waliokuwa wamegawanyika wanakusanyika. Jinamizi linaanza pale anapotajiwa maneno yaliyotoka kinywani mwake akiwa amepagawa, kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Yeye mwenyewe anashtuka. Ni nani aliyekuwa akisema kwa mdomo wangu, na alikuwa akimtumikia nani? Niliisoma skuli, nikaisoma tena nikiwa na watoto, na mara zote mbili mahali hapo palinitia baridi. Hakuna mtu anayepigana na Hongo. Wanaopigana ni binadamu na bunduki za Wajerumani, na tunajua yaliyotokea kati ya 1905 na 1907. Hofu ya pepo katika tamthilia ile yote iko katika neno, katika kutojua ahadi imetoka kwa nani.

Tuje kwa Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu usiku vitandani mwao, kwani najua kuna atakayemtaja. Mwaka 1995 nilikuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka watu wakilala nje, mikeka imepangwa barazani, moto umewashwa, wazee kwa vijana. Magazeti ya nje yalipompata yalichora mnyama mwenye mabawa na jicho moja. Sisi tuliokuwa pale tulikumbuka kitu kingine: kwamba aliyetokewa alitakiwa aseme. Ukificha, anarudi. Watu wazima, wanaume wenye heshima zao, walikuwa wakisimama mbele ya majirani kusema jambo ambalo katika mwaka mwengine wowote wangelizikwa nalo, na mwaka wenyewe ulikuwa wa uchaguzi, jirani hamwamini jirani. Hapo tena, pepo anadai maneno. Na katika siku hizo hizo umati hapa Unguja ulimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili, ukidhani ndiye Popobawa. Silaha zilimpata binadamu. Nilikuwa nasoma ule ukurasa wa upanga na majivu, kijiji kikishangilia, na mawazo yangu yakaenda kwa yule mtu.

Mpwa wangu alinipinga, na alinipinga vizuri. Alisema, "Mjomba, mbona katika hadithi za bibi zimwi linapasuliwa, na watu na ng'ombe wote wanatoka wazima?" Kweli. Hilo nalikubali, ingawa sikulipenda kulikubali. Tuna hadithi za kuua zimwi, na tumezipenda sisi sote. Lakini zimwi anakaa porini, ni mlaji, na ukimuua umemaliza. Pepo ameingia ukoo, anarithiwa, amekula nawe chano. Hata huyo zimwi tunasema kuwa akikujua hatakula akakumaliza. Na D. O. Fagunwa wa Nigeria, katika riwaya yake ya 1938 ambayo Wole Soyinka aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1968, alimpeleka mwindaji wake katika msitu uliojaa viumbe wa kila namna, na mapigano yamo tele. Sawa. Msitu wa Wayoruba una desturi zake, na Fagunwa alizijua. Tena aliandika kwa Kiyoruba, kwa watu ambao hawakuhitaji kuelezwa.

Hilo la lugha nitalisema kwa ufupi tu, kwa sababu linanikasirisha. Pepo, jini, shetani, mzimu, koma, kibwengo, chunusi, kinyamkera: wote hao wakivuka kwenda Kiingereza wanabaki na majina mawili matatu, na moja lao limetoka Jehanamu ya kanisani. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa ameonyesha katika The House of Rust, iliyotoka 2021, kwamba hata kwa Kiingereza mtu anaweza kuisikilizisha bahari ya kwao, msichana akimtafuta baba yake mvuvi kwa chombo cha mifupa pamoja na paka anayesema. Nakipenda sana kitabu kile. Ningetoa chochote kukisoma kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa.

Jumapili mpwa wangu alirudi kuchukua riwaya yake. Tukakaa barazani mpaka magharibi. Aliniuliza kama bibi alikuwa akiogopa. Nikamwambia sijui kama neno ni kuogopa. Alikuwa akimheshimu yule ruhani, na mara nyengine alikuwa akimchoka, kama unavyomchoka mtu mliyeishi naye miaka arubaini. Siku ya Ijumaa alikuwa akivaa nyeupe na hataki kusikia ugomvi ndani ya nyumba, na sisi watoto tulikuwa tukijua kuwa siku hiyo si ya kwetu peke yetu.

"Na bibi alipofariki, yeye alikwenda wapi?"

Nikamwambia hilo amuulize mama mkubwa, kwani mwaka ule ule mama mkubwa naye alianza kukosa usingizi. Hakukubali kukaa kwenye kilinge, pale pepo wanapopandishwa. Mume wake alikuwa hataki kusikia, na yeye mwenyewe alikuwa akisema zama hizo zimepita. Lakini sanduku la bibi alilichukua yeye, kabla hata matanga hayajaondoshwa, na hakuna aliyeuliza. Kila mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya Ramadhani, huitoa ile kanzu, huifua kwa mkono, huianika uani upande usioonekana na wapita njia, halafu huifukiza udi na kuirudisha. Mpwa wangu akakaa kimya kidogo. Kisha akaniambia kwamba ameiona kanzu hiyo kwenye kamba, mara nyingi, na siku zote alidhani ni ya babu.