Kocha Anayepiga Kelele Amechelewa

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha softboli, ndugu ya besiboli, nilimpoteza mchezaji bora niliyekuwa naye, na aliyemfukuza ni mdomo wangu. Ilikuwa iningi ya saba, yaani duru ya mwisho. Tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana auti moja (mmoja wao ameshatolewa) na wakimbiaji wawili, mmoja besi ya pili, mwingine ya tatu. Mpira ukapigwa chini, ukaja ukirukaruka kwenye vumbi kuelekea kwa shotistopu wangu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, binti wa Senia ya Tatu (kidato cha tatu) ambaye mazoezini aliokota mipira ya namna hiyo bila hata kuhema. Nikapaza sauti: "Nyumbani! Rusha nyumbani!", yaani kwa mdakaji, kwenye besi ya kufungia pointi. Akageuza kichwa kunitazama. Mpira ukapita katikati ya miguu yake, wakimbiaji wote wawili wakaingia, mechi ikaisha.

Ndani ya taksi ya kurudi Tororo, mashariki mwa Uganda, wenzake walimlaumu njia nzima, nami niliketi mbele na dereva, nimenyamaza. Muhula uliofuata hakuja uwanjani. Nilipomfuata bwenini aliniambia tu, "Madam, niacheni nisome." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mpira ule angeudaka kama mimi ningefunga mdomo.

Tangu siku hiyo nina imani moja kuhusu kazi hii, na nitaitetea mbele ya mwalimu yeyote wa michezo: kocha wa softboli wa sekondari hupimwa kwa kile wasichana wanachokijua kabla mpira haujatupwa. Akisubiri mpira uruke ndipo afundishe, amechelewa.

Angalia vipimo vyenyewe. Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni futi 43, yaani mita 13 na kidogo. Kutoka besi moja hadi nyingine ni futi 60, mita 18 na kitu. Msichana mwepesi huzimaliza hizo mita 18 kwa sekunde tatu hivi. Ndani ya sekunde hizo tatu mpira lazima ufike kwenye glavu, utoke kwenye glavu uende mkononi, urushwe, udakwe besi ya kwanza. Sauti ya kocha itaingia wapi hapo? Hata akisikia, itabidi asikie, aelewe, abadili mwili. Wengi wetu tumetoka kwenye kandanda na netiboli, ambako ukipiga kelele pembeni unaweza kumsogeza mchezaji. Tukaja na tabia hiyo hiyo kwenye mchezo usioikubali.

Kwa hiyo mazoezini mimi ni mtu wa maswali. Kabla ya kila mpira nasimama na gongo langu, nataja jina la mmoja: "Mkimbiaji yuko besi ya kwanza, hakuna auti. Ukija kwako?" Anajibu, "Besi ya pili, Madam. Nikiudondosha, ya kwanza." Ndipo napiga. Wiki za mwanzo inachosha, mazoezi yanakwenda kama konokono, na mwalimu mkuu akipita anaona watoto wamesimama wanaongea badala ya kukimbia. Mwache aone hivyo. Kufikia wiki ya sita hivi unawasikia wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, nami sijasema neno. Shotistopu anamwonyesha vidole wa besi ya pili, wa nyuma wanasogea hatua mbili mpigaji wa mkono wa kushoto anapoingia. Nikiona hivyo najua nina timu, hata kama bado hatujashinda mechi.

Na hapa niseme jambo la lugha, maana wasomaji wangu wengi ni watu wa Kiswahili. Timu yangu ina Wajapadhola, Waiteso, Wasamia na watoto wa biashara kutoka mpakani Malaba. Mpira ukipaa juu kati ya wasichana watatu, lazima mmoja aseme ni wake, wengine wakae pembeni, la sivyo watagongana vichwa. Kiingereza cha darasani hakiji haraka kiasi hicho. Neno letu ni "Wangu!", mara mbili, kwa sauti kubwa. Mwenye mpira akisema "Wangu! Wangu!", aliye karibu anajibu "Wako!" Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni; sisi uwanjani kilikuwa lazima zamani, kwa kuogopa kupasuka paji la uso.

Vifaa ni kilio cha kila shule ya Uganda inayocheza mchezo huu, na sitakirefusha. Glavu zetu ni chache kuliko wachezaji, basi. Ila wakati mwingine uhaba umenifundisha. Nachukua ndala kuukuu, nakata mpira wa baiskeli, naufunga kama mkanda upande wa nyuma, msichana anapenyeza kiganja. Ndala haishiki mpira. Ina ubapa, mpira ukigonga unaruka. Kwa hiyo analazimika kuleta mkono wa pili juu yake mara moja, na macho yafuate mpira mpaka mwisho. Dakika ishirini za ndala kila jioni, kwa mpira laini wa tenisi. Siku anapovaa glavu, mikono miwili inakuja yenyewe. Nimewaona wenye glavu nzuri za msaada wanaodaka kwa mkono mmoja kwa madaha, na mpira unawatoka kila mechi.

Jambo ambalo makocha wenzangu hawapendi nikilisema ni mabega ya warushaji. Kwa kuwa softboli hurushwa kwa mkono wa chini, duara zima, imeenea imani kwamba mkono hauumii na mtoto mmoja anaweza kurusha mechi tatu kwa siku. Si kweli. Waliopima nguvu zinazovuta bega katika mrusho huo wamezikuta zinakaribia zile za besiboli. Kule Marekani, besiboli ya shule za sekondari imewekewa kikomo cha idadi ya mirusho tangu 2017, lakini softboli ya wasichana haikuwekewa. Naona wasichana wamekosewa hapo. Kwenye mashindano yetu, ambako mechi hubanwa siku mbili au tatu kwa sababu ya gharama ya chakula na malazi, nimeona binti akirusha asubuhi, adhuhuri na jioni, na usiku hawezi kuinua kijiko cha posho, ugali wetu. Alikuwa amewapa kikombe. Kocha wake alibebwa juu. Mimi nina warushaji watatu kila msimu, hata kama wa tatu anatupa mpira mpaka kwenye nyasi za jirani. Tumewahi kufungwa kwa sababu yake, na mwaka huu atarusha tena.

Adhabu nazo. Wapo wanaomkimbiza mtoto raundi kumi kila anapodondosha mpira. Mtazame mtoto huyo mechi inayofuata: anasimama kwenye visigino, anaomba moyoni mpira uende kwa mwenzake. Mchezo huu unamtaka mtu asimame kwenye vidole vya miguu akiutamani mpira. Ukishamwingizia hofu ya mpira, hata ukimfundisha mbinu zote za dunia, umemwaga maji mchangani.

Na mfuko wa kocha. Wangu una mipira, kalamu, daftari la mirusho, bandeji, na pakiti mbili za pedi. Pedi ziko mfuko wa pembeni, zipu haifungwi, na kila msichana anajua haombi ruhusa. Kabla sijaanza hivyo, kila mwezi nilikuwa na wachezaji wawili watatu "wanaoumwa kichwa". Kocha mwanamume anaweza kufanya hivi pia; naomba tu awe na mwalimu wa kike pembeni yake, na safari za kulala nje zisifanyike bila huyo mwalimu. Hilo kwangu halina mjadala.

Nchi hii inawakumbuka vijana wa Lugazi waliokwenda Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali zile za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Nilifurahi nao kama kila mtu. Lakini ile ilikuwa besiboli, ya wavulana, na wasichana wangu huuliza zamu yao ni lini. Softboli inarudi Olimpiki Los Angeles 2028. Siwadanganyi kwamba watakuwepo. Nawaambia mazoezi ya kesho ni saa kumi na nusu, njooni na maji.

Msimu uliopita tulifika tena mahali pale pale: iningi ya saba, pointi moja, mkimbiaji besi ya tatu. Nilikuwa nimekunja mikono, kucha zimeniingia viganjani. Mpira ukaenda kwa shotistopu, mtoto wa Senia ya Pili. Akaudaka kwa mikono miwili, akamtazama mkimbiaji, akarusha nyumbani. Mkimbiaji alikuwa ameshateleza chini ya mdakaji. Matokeo yakawa sare, na baadaye tukafungwa. Alinifuata kabla sijavua kofia.

"Madam, alikuwa ameshatoka mapema. Ilikuwa niende ya kwanza."

"Uliliona lini?"

"Mpira ulipotoka mkononi."

Nikampa maji. Jumatatu alikuwa wa kwanza uwanjani, ndala mkononi, anaupiga mpira wa tenisi kwenye ukuta wa stoo.