Machalii wa Arusha na jukwaa: sanaa inajenga, ila tazama nani kaandika mwisho

Wazee wengi Arusha wakisikia vijana wa Ngarenaro wamekusanywa kuigiza na kughani mashairi, huuliza kwa nini wasipelekwe VETA, kwenye vyuo vya ufundi. Swali hilo si la kubezwa. Chalii anayeuza mifuko soko la Kilombero akienda mazoezini jioni anawakosa wateja wa jioni, na makofi hayalipi kodi ya chumba mtaa wa Unga Limited.

Lakini ufundi peke yake haumtoshi. Halmashauri hutenga asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya vijana, na kikundi kisichoweza kujieleza mbele ya ofisa hakifiki mbali. Hapo ushairi una kazi. Chukua kijana aliyeacha shule mapema, anatunga: "Nina mzigo sokoni, na mgambo ananifuata." Anahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: kipande cha kwanza nane, cha pili kumi. Anafuta, anajaribu tena, mpaka apate "mgambo yu nyuma yangu". Nane kwa nane. Amepima maneno, amechagua, na jambo lake limesikika kali zaidi kuliko mwanzo. Sijui darasa gani lingemfanya afanye zoezi hilo kwa hiari yake mwenyewe.

Kinachonitia shaka ni jinsi miradi mingi ya sanaa kwa vijana inavyoendeshwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala alizikuza ngonjera, mashairi ya majibizano, ili kueneza siasa ya ujamaa: asiyejua anabishana na anayejua, mwishowe anakubali. Maigizo mengi ya vijana leo bado yana umbo hilo. Mwisho umeshaandikwa na mwezeshaji: acha dawa, rudi shule, asante mfadhili. Baya zaidi ni kumsimamisha mtoto asimulie kipigo cha nyumbani mbele ya wageni wenye kamera, kisha jioni arudi kwa majirani walewale waliomsikia. Hilo linamuumiza, na lisiitwe maendeleo.

Njia nyingine ipo, na hatukuanza kuijua jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mwanza, wakianza na matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili, alikwenda mbali zaidi: mtazamaji anasimamisha igizo, anapanda jukwaani na kujaribu suluhisho lake.

Kwa hiyo naunga mkono sanaa, kwa masharti. Vijana walipwe posho ya muda wanaoupoteza sokoni. Anayebeba kisa kizito akivike mhusika wa kubuni. Na igizo la mgambo likichezwa, mgambo na ofisa biashara wa jiji wakae mstari wa mbele, wapewe nafasi ya kujibu. Wasipokuwepo, vijana watakuwa wanalalamikiana wenyewe kwa wenyewe.