Kalsiamu na kinga ya mwili: mlango ni muhimu kuliko wingi

Hapa Mtwara nimesikia maneno yaleyale kwa watu wawili: muuza dagaa sokoni, na kijana anayetembeza vidonge vya virutubisho mitaa ya Shangani. Kalsiamu, wanasema, huongeza kinga ya mwili. Siwapuuzi, maana nusu ya maneno yao ni kweli kabisa.

Chukua seli T, mojawapo ya seli nyeupe za damu. Ikiwa imetulia huwa na kalsiamu kidogo mno. Nje ya utando wake imejaa zaidi ya mara 10,000. Ikikutana na kipande cha kijidudu inachokitambua, humwaga akiba ndogo iliyofichwa ndani yake. Protini iitwayo STIM1 huhisi akiba imeisha, ikafungua mlango uitwao Orai1, na kalsiamu ya nje ikaingia kwa wingi. Hiyo huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinyurini, nacho humwachia mjumbe, NFAT, aende kwenye kiini kuwasha jeni za mapambano. Mlango ukifungwa mapema, seli haiamki sawasawa.

Basi tule kalsiamu zaidi? Hapo ndipo ninapoachana na kijana wa vidonge. Mwaka 2006 watafiti walieleza watoto waliozaliwa na hitilafu kwenye Orai1: seli T walikuwa nazo, lakini haziamki, na maambukizi yakawaandama. Maziwa yasingewasaidia, mlango wenyewe ulikuwa mbovu. Kwa mtu mzima wa afya, tezi nne ndogo za shingoni hulinda kiwango cha kalsiamu kwenye damu, hata ikibidi kuichota mifupani. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, basi, ni wema kwa mifupa yetu, na hilo si dogo.

Isitoshe, kuamka sana nako kuna madhara. Mwenye mzio wa korosho anaijua hatari hiyo: kalsiamu ikiingia kwenye basofili, seli nyeupe nyingine, histamini, kemikali inayoleta dalili za mzio, humwagika na koo linaweza kuvimba. Na aliyepandikizwa figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017, hupewa dawa kama takrolimasi kuizuia kalsinyurini, ili seli T zisiishambulie figo ya mwenziwe. Gharama yake ni kuambukizwa kwa urahisi, kifua kikuu kikiwemo, lakini bila dawa hizo figo huharibika.

Kila nikimwona yule kijana na mkoba wake wa vidonge vya kuongeza kinga, nawaza kama huwauliza wateja wanatumia dawa gani.